Peugeot 404 Injection: Siku Mbili Mwanza na Gari Lililofichwa na Jina Lake

Ukifungua boneti ya Peugeot 404 ya kawaida, ile ambayo wazee wa Kanda ya Ziwa waliizoea kama teksi au pikapu ya mizigo, unakutana na kabureta moja na injini iliyolazwa ubavu. Ukifungua boneti ya hii niliyoiendesha kwa siku mbili mwezi uliopita, kabureta huioni popote. Mahali pake yapo mabomba manne ya hewa yaliyopinda kama vidole vya mkono uliokunjwa kidogo, na pembeni yake imefungwa pampu ya chuma inayotoa vimirija vinne vyembamba, kila kimoja kikielekea kwenye silinda yake. Pampu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii, kwa sababu ninaamini kwamba ni miongoni mwa kazi bora za uhandisi zilizowahi kuuzwa ndani ya gari la familia, na kwamba watu wengi waliowahi kupanda 404 hawakujua kabisa kuwa kulikuwa na 404 ya namna hii.

Mwenye gari ni mzee mmoja wa Nyakato aliyelinunua katika miaka ya 1970 kutoka kwa mfanyabiashara wa pamba. Nilipofika kwake asubuhi, baada ya kuitikiana mwangaluka na kuulizana habari za nyumbani, nilisema kwa furaha kwamba ni miaka mingi sijaona Pijo safi namna ile. Akanisahihisha kwa upole: "Mwanangu, hilo usiliite Pijo tu. Hilo lina mtambo." Kisha akanionesha nembo ndogo nyuma, juu ya buti, yenye neno moja la Kifaransa, Injection, ambalo ndilo tofauti pekee ambayo mpita njia angeweza kuiona.

Peugeot ilizindua 404 mwezi Mei 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na injini yake ikiwa ya silinda 4 zenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,618. Ikiwa na kabureta, injini hiyo ilitoa nguvu farasi 72 kwa kipimo cha SAE cha zama zile, ambacho kilipima injini ikiwa imevuliwa baadhi ya mizigo yake na kwa hiyo hutoa namba kubwa kuliko vipimo vya leo. Muda mfupi baadaye kiwanda kikaweka mfumo wa kunyunyizia mafuta uliotengenezwa na Kugelfischer ya Ujerumani, na nguvu ikapanda hadi farasi 85. Kisha, kwa toleo la pili la katikati ya miaka ya 1960, ikafika farasi 96. Injini ni ile ile, ujazo ni ule ule, lakini nguvu imeongezeka kwa theluthi moja, na gari la abiria watano likaweza kupita kilomita 160 kwa saa. Si kweli kwamba ongezeko lote hilo lilitoka kwenye pampu peke yake, kwa kuwa sehemu nyingine za injini nazo ziliboreshwa, ila bila pampu maboresho hayo yasingezaa matunda hayo.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kwanza tukumbuke kazi ya kabureta. Kabureta husubiri injini ivute hewa, na hewa hiyo inapopita kwenye koo jembamba hunyonya mafuta pamoja nayo. Koo hilo jembamba ndilo linalosaidia kunyonya mafuta, na ndilo hilo hilo linaloibana injini pumzi inapotaka kukimbia. Tena mchanganyiko ukishaingia kwenye bomba moja la kugawia, silinda zilizo mbali hazipati sawa na zilizo karibu. Mfumo wa Kugelfischer unaondoa matatizo yote mawili kwa pamoja: hewa inapita kwenye mabomba marefu yasiyo na kizuizi, na mafuta yanasukumwa kwa nguvu na pistoni ndogo nne, moja kwa kila silinda, mpaka kwenye nozeli iliyo karibu na valvu ya kuingizia.

Swali gumu ni pampu inajuaje kiasi cha mafuta cha kutoa, wakati gari lenyewe halina kompyuta wala kifaa chochote cha umeme cha kupima. Jibu lake ni kipande cha chuma ambacho fundi aliyelifufua gari hili alinitolea kwenye pampu mbovu anayoihifadhi kwa ajili ya vipuri, akaniwekea kiganjani. Ni kipande kifupi kuliko kidole gumba, chenye umbo la pia ya kuchezea watoto, lakini uso wake haukuchongwa mviringo: una mabonde na vilima vidogo ambavyo macho huviona kwa shida, ila ukipitisha kucha unavihisi vyote. Kipande hicho hugeuka na kusogea mbele na nyuma kufuatana na mambo mawili, yaani jinsi dereva alivyokanyaga na jinsi injini inavyozunguka, na kila mahali juu ya uso wake pamechongwa kiasi cha mafuta kinachofaa kwa hali hiyo. Kwa maneno mengine, wahandisi waliipima injini katika hali zote wanazozijua, wakaandika majibu yao yote kwenye chuma. Leo kazi hiyo hufanywa na jedwali la namba ndani ya kompyuta ya gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jedwali hilo lilikuwa ni kitu cha kushikika. Nilikaa nacho mkononi kwa muda mrefu, mpaka fundi akaniuliza kama ninataka kukinunua.

Udhaifu wa mpango huo unatokana na uzuri wake wenyewe. Chuma hakijui kama hewa ni nzito au nyepesi. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho msukumo wa hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo pampu iliyopangwa kwa ajili ya pwani itaipa injini ya Mwanza mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Fundi alianza na vipimo vya kitabu cha kiwandani, gari likatoa moshi mweusi na plagi zikajaa masizi. Akaanza kupunguza kidogo kidogo, na baada ya kila badiliko akalipandisha gari kilima cha Bugando, akazima injini huko juu, akafungua plagi na kuzitazama. Aliniambia kuwa aliridhika siku plagi zote nne zilipotoka na rangi moja, rangi ya ganda la karanga. Silinda nne zikiwa na rangi moja ni jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye injini ya kabureta ya umri huo.

Gari hili halikuwa hivi siku zote. Katika miaka ya 1980, vipuri vilipokuwa adimu nchini, gereji moja ya mjini ilimshauri mzee aachane na "mtambo" na afungiwe kabureta ya 404 ya kawaida, akakubali kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Pampu ilifungwa kwenye mfuko uliolowanishwa oili, ikatiwa ndani ya gunia na kuwekwa juu ya dari ya stoo, ambako ilikaa zaidi ya miaka 20. Ninaamini kwamba hivyo ndivyo matoleo mengi ya aina hii yalivyopotea katika nchi zetu: hayakufa kwa ajali wala kwa kutu, bali yalivuliwa kitu kilichoyafanya yawe tofauti, yakaendelea kutembea kama ndugu zao wa kawaida mpaka kila mtu akasahau. Hiyo oili ndiyo iliyoiokoa pampu ya mzee, kwa sababu nafasi kati ya pistoni zake na matundu yake ni ndogo kiasi kwamba kutu kidogo tu kingeziganda moja kwa moja.

Kuhusu injini yenyewe, yapo mambo matatu ambayo ningependa msomaji ayafahamu. La kwanza ni ule mlalo wa nyuzi 45 kuelekea upande wa kulia, ambao uliifanya boneti iwe chini, ukashusha uzito wa gari karibu zaidi na barabara, na katika toleo hili ukaacha nafasi ya kutosha kwa mabomba marefu ya hewa. La pili ni laina za silinda, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni za injini hupanda na kushuka, zinazozungukwa na maji moja kwa moja na ambazo hung'olewa na kubadilishwa bila kupeleka bloku kuchongwa, jambo ambalo kwa fundi aliye mbali na karakana kubwa ni neema. La tatu ni feni. Peugeot haikutaka feni izunguke wakati wote na kula nguvu bure, hivyo ikaifunga kwa sumaku ya umeme inayoinasa pale tu maji yanapopata joto la kutosha. Tulipokuwa tunapanda Bugando nilisikia mlio mfupi, "tak", kisha uvumi wa feni ukaanza; tuliposhuka upande wa pili ukasikika mlio kama huo na kukawa kimya. Mfumo huo umetimiza karibu miaka 60 na bado unafanya kazi hivyo.

Nyuma ya gari ndiko kuliko na kitu cha ajabu zaidi baada ya pampu. Magari mengi yana difu ya gia mbili za meno zinazokutana kwa pembe. Ya 404 ina parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, mfumo ambao Peugeot iliushikilia kwa miaka mingi wakati watengenezaji wengi wa magari walikuwa wameuacha. Difu ya namna hiyo haina kelele, na meno yake hukutana kwa eneo kubwa kiasi kwamba huvumilia mizigo mizito kwa muda mrefu. Lakini meno hayo yanasuguana sana kwa kuteleza, na kwa sababu hiyo yanadai oili ya aina yake, yenye asili ya mbegu za nyonyo. Oili nyingi za difu za kisasa zimechanganywa na salfa ili kulinda meno ya chuma, na salfa hiyo huila shaba. Gereji ile ile iliyovua pampu ilijaza oili ya kawaida, na baada ya miaka michache mzee akawa anamwaga difuni tope la rangi ya dhahabu, ambalo ndilo gurudumu lake lilivyokuwa linayeyuka. Gurudumu lililopo sasa lilitoka kwenye mzoga wa 404 nyingine uliopatikana Kahama. Yeyote mwenye gari hili, hata kama hatasoma jambo lingine lolote hapa, naomba asome hilo la oili mara mbili.

Siku ya pili tulitoka na gari mapema, tukashuka Barabara ya Kenyatta, tukapita Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa hadi Usagara, kisha tukakata kulia kuelekea Kigongo. Katika msongamano wa bodaboda na daladala gari halikuonesha hasira yoyote, na hilo linashangaza kwa injini iliyopangwa kwa ajili ya kasi. Unakanyaga kidogo, inaitikia kidogo. Unakanyaga zaidi, inaitikia zaidi, bila ule mkwamo mfupi ambao kabureta huwa nao unapofungua ghafla. Gia ni 4, na mkono wake uko kwenye usukani, mrefu na mlegevu kidogo, unaotaka mtu mwenye subira. Mimi ilinichukua nusu saa kuacha kuutafuta kwenye sakafu. Baada ya Usagara njia ilipofunguka niliikanyaga gia ya 3 mpaka sauti ikabadilika kutoka kwenye mngurumo na kuwa mlio mmoja mkavu, na gari likasonga mbele kwa nguvu ambayo dereva wa basi dogo tuliyempita aliishangaa, kwa kuwa alitoa kichwa dirishani.

Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa takriban kilomita 3, na kulivuka kwa gari lililozoea kusubiri kivuko mahali hapo hapo kulimgusa sana mzee. Alizima redio, akashusha kioo, akanyamaza mpaka tulipofika ng'ambo. Upepo wa ziwa ulikuwa unatupiga ubavuni, na usukani, ambao ni wa meno ya moja kwa moja bila msaada wa umeme wala wa mafuta, ulinieleza kila msukumo wa upepo huo bila kunisumbua.

Mtihani wenyewe ulikuwa ng'ambo ya Sengerema, tulipoiacha lami na kuingia kwenye njia ya vumbi yenye vijituta vya kufuatana kama mikunjo ya bati. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa pampu ni nusu tu ya habari. Mbele kuna springi za mzunguko zilizofungwa pamoja na shokapu, kila gurudumu likifanya kazi peke yake. Nyuma ekseli ni ya kipande kimoja, lakini imefungwa kwenye bomba nene linaloizunguka shafti na kwenda mpaka kwenye gia boksi, kwa hiyo msukumo wa magurudumu hupelekwa mbele kwenye kiini cha gari badala ya kuisokota ekseli, na fimbo moja ya pembeni huizuia isiyumbe kushoto na kulia. Shokapu zina mwendo mrefu kuliko za magari mengi madogo tunayoyatumia leo. Kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa gari lilitetemeka kama magari mengine. Mzee akasema, "Ongeza, usiliogope." Nilipofika 70 mtetemeko ukapotea, magurudumu yakawa yanapita juu ya migongo ya vijituta, na ndani ya gari tukaweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida. Niliendesha hivyo kwa kilomita kadhaa nikiwa na furaha ambayo sijaipata ndani ya gari jipya.

Wale waliokuwa wanafuatilia mashindano ya East African Safari wakati huo hawatashangaa. Mashindano hayo ya Pasaka yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania, kwenye tope na vumbi, na 404 iliyashinda mara nne. Mwaka 1963 walishinda Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika mwaka ambao magari 84 yalianza na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, si mgeni aliyeletwa kutoka Ulaya. Mwaka 1968, mvua zilipogeuza njia kuwa mito na safari hii tena magari 7 tu yakafika mwisho, Nowicki na Cliff walirudia. Ushindi wa Shankland ulipatikana kwa toleo hili la kunyunyizia mafuta. Halafu mwaka huo huo wa 1968 Peugeot ikaleta 504, ambayo nayo ilikuja kuushinda mchuano huo na kuuzwa kila kona ya Afrika, na sifa yote ya jina hilo ikahamia kwake.

Breki ndizo sehemu niliyoikuta na upungufu wa wazi. Gari hili ni la mwaka 1967, kabla ya 404 kuwekewa breki za sahani mbele, kwa hiyo lina ngoma kwenye magurudumu yote manne pamoja na kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu. Kwa mara ya kwanza na ya pili zinashika vizuri sana. Tuliposhuka mteremko kwa kufunga breki mara nyingi, kanyagio likaanza kuwa refu na harufu ya moto ikapanda, ikabidi nishushe gia na kuiachia injini kazi ya kulizuia gari. Kiwanda kilichojua kuongeza nguvu kwa theluthi kilipaswa kuziangalia breki siku hiyo hiyo, na ninasema hivyo kwa heshima zote ninazowapa wahandisi wake.

Kwa anayefikiria kununua moja, ushauri wangu unaanza na mafuta ya petroli. Pampu hii haisamehe maji wala mchanga, na petroli ya kwenye madumu ni adui yake mkubwa. Mzee ana vichujio viwili kabla ya pampu na hubadilisha vyote kila baada ya miezi mitatu. Ukikuta 404 yenye nembo ya toleo hili lakini ina kabureta, uliza pampu iko wapi kabla ya kuuliza bei, maana mwili, milango, taa na sehemu nyingi za chini zinapatikana kwa kuwa zilitengenezwa 404 zaidi ya milioni 2, lakini pampu na nozeli zake itakubidi uziagize nje kwa gharama inayoweza kukaribia bei ya gari zima. Ukiipata pampu, usimpe fundi asiyekubali kwamba haijui. Kuhusu ulaji wa mafuta, tulijaza tangi kabla na baada ya safari, na hesabu yangu ilitoa karibu lita 10 na nusu kwa kilomita 100, tukiwa watu watatu na sehemu ya njia ikiwa ya vumbi, kiasi ambacho ninakiona ni cha haki.

Tulirudi Nyakato jua likiwa linakaribia kuzama. Fundi alikuwa anatusubiri getini. Hakuuliza habari za daraja wala za mwendo. Alilala chali chini ya gari akiwa na shati lake safi, akaweka kiganja juu ya difu na kukiacha pale kwa muda, kisha akasema ina joto lakini mkono unavumilia, na akatoka kwenda kunawa.